Meli ya Pwani Kati ya Tromsø na Kirkenes: Huduma Inayomfaa Zaidi Anayeshuka Njiani

Pwani ya Norwe ina meli inayopita kila siku ya mwaka, kiangazi na wakati wa giza, kutoka Bergen upande wa kusini hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, ikitia nanga katika bandari 34. Safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua siku 12, na matangazo mengi yanayowafikia wageni huiuza kama safari ya anasa ya kutazama milima, ghuba nyembamba na mianga ya kaskazini. Tathmini hii haihusu safari hiyo nzima. Inahusu kipande chake cha mwisho tu, kile cha kutoka Tromsø kupitia jimbo la Finnmark, ambacho nimekipanda katika majira tofauti kama abiria wa kawaida mwenye tiketi ya kutoka gati moja hadi jingine. Maoni yangu ni kwamba anayeipanda meli hii kama hoteli inayoelea atalipa fedha nyingi na kuona bandari nyingi kwa mgongo wake, ilhali anayeipanda kama wenyeji wanavyoipanda, yaani kama basi la baharini la kumfikisha mahali fulani penye shughuli fulani, atapata mojawapo ya huduma bora za uchukuzi ninazozijua.

Huduma hii ilianza tarehe 2 Julai 1893, wakati meli ya mvuke Vesteraalen ya Kapteni Richard With ilipoondoka Trondheim kuelekea Hammerfest. Kabla ya hapo, barua ya kutoka Trondheim iliweza kuchukua majuma kadhaa kufika Hammerfest wakati wa kiangazi, na miezi mitano wakati wa baridi, kwa sababu manahodha wengi hawakuthubutu kupita usiku katika pwani iliyojaa visiwa na miamba huku taa za kuongozea meli zikiwa chache. With na wenzake walikuwa wameandika kwa makini mwelekeo wa dira na muda wa kila kipande cha njia, wakaahidi kufika kwa siku chache, na ahadi ikatimizwa. Tangu mwaka 2021 njia hii inahudumiwa na kampuni mbili, Hurtigruten yenye meli saba na Havila yenye meli nne, kwa mkataba na serikali ya Norwe. Serikali hulipa ili meli ziendelee kupita hata katika vijiji ambavyo mfanyabiashara mwenye kutafuta faida peke yake angeviacha zamani. Ulipaji huo ndio unaoeleza kwa nini unaweza kumkuta mtalii aliyelipa fedha za kununua pikipiki ameketi jirani na mzee anayekwenda bandari inayofuata kumwona daktari wa meno.

Ndani ya meli, abiria wa masafa mafupi hahitaji chumba. Kwa safari ya mchana inatosha kuketi katika ukumbi wa juu wenye vioo vikubwa, mahali ambapo viti ni vizuri, joto ni la kutosha na hakuna anayekuuliza ulipo mzigo wako. Kwa safari ya usiku ningeshauri kuchukua chumba, hata kidogo cha ndani kisicho na dirisha, kwa sababu baada ya Honningsvåg meli inatoka kwenye kinga ya visiwa na kupokea mawimbi ya Bahari ya Barents ubavuni, na si kila tumbo linavumilia. Chakula ni kizuri lakini ni ghali kwa viwango vyovyote vya kwetu, na wenyeji wengi hupanda na chupa ya chai ya moto na mikate waliyofunga nyumbani bila kuona haya. Meli za Havila zina betri kubwa zinazoziwezesha kusafiri kwa saa chache bila kuwasha injini. Injini ikizimwa, utasikia maji yakipasuliwa na ubao wa meli na watu wakiteremsha sauti bila kuambiwa. Meli za Hurtigruten ni za zamani zaidi, nyingi zikiwa za miaka ya 1990, na zina mbao, shaba na mazulia ya kumkumbusha mtu nyumba ya shangazi mwenye uwezo. Binafsi ninazipenda zote mbili na sioni sababu ya kupanga tarehe kwa kufuata jina la meli.

Kitu ambacho hakitajwi kwenye matangazo, na ambacho kwangu ni kivutio cha kwanza, ni kushuka kwenye sitaha ya chini wakati meli inafunga kamba. Mlango wa ubavuni hufunguliwa, foklifti hutoka kabla abiria hawajateremka, na kwa muda wa dakika 15 hadi 30 mji mzima unajieleza kwa mizigo yake: maboksi ya samaki waliofunikwa barafu, magodoro, vipuri vya injini za mashua, masanduku ya vitabu vya maktaba, baiskeli ya mtoto yenye kadi iliyofungwa kwenye usukani. Timu ya mpira ya wasichana hushuka na mabegi yanayofanana. Mtu anayempokea mgeni wake husimama palepale aliposimama anayepokea shehena yake, na wote wawili humsalimia mfanyakazi wa gati kwa jina. Pale Berlevåg, bandari inayopigwa moja kwa moja na bahari kuu, meli haikuweza kufunga gatini hadi kuta za kukinga mawimbi zilipokamilika katika miaka ya 1970. Hadi wakati huo abiria na mizigo walishushwa kwenye mashua ndogo katikati ya mawimbi. Aliyewahi kuona MV Liemba ikisimama mbali na ufuko wa Ziwa Tanganyika, na mitumbwi ikiizunguka kugombea abiria, magunia na mashada ya ndizi, hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu hali ilivyokuwa, isipokuwa aongeze theluji.

Nitazipitia bandari kwa kadiri zinavyostahili, si kwa usawa.

Hammerfest hufikiwa alfajiri kwa meli inayokwenda kaskazini, na abiria wengi huwa bado wamelala. Si hasara kubwa ikiwa una nafasi ya kurudi. Mji huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza Ulaya kuwa na taa za umeme za barabarani, mwaka 1891, jambo linaloeleweka vizuri ukikumbuka kwamba jua halichomozi hapa kwa takriban miezi miwili. Kuna chama cha dubu wa barafu kilichoanzishwa mwaka 1963 ambacho uanachama wake hupatikana kwa kufika mwenyewe mjini, na watalii hufurahia cheti chake. Mimi kilichonifurahisha zaidi ni makumbusho ya ujenzi mpya, yanayoeleza jinsi majeshi ya Ujerumani yalivyochoma karibu Finnmark yote mwishoni mwa mwaka 1944 wakati yakirudi nyuma, na watu wapatao 50,000 wakahamishwa kwa nguvu kwenda kusini. Usipoingia humo utaendelea kujiuliza njia nzima kwa nini nyumba za kila bandari ni za umri mmoja na umbo moja.

Honningsvåg ndipo meli inaposimama kwa saa tatu na zaidi ikielekea kaskazini, kuanzia kama saa tano asubuhi, na ndipo nina lawama, si kwa meli bali kwa abiria wenzangu. Mabasi huwa yamepangwa gatini, na karibu kila mtu hupanda kwenda Nordkapp, umbali wa kilomita 34 hivi, kusimama juu ya jabali la mita 307 na kupiga picha. Jabali ni zuri. Hata hivyo, dakika chache za miguu kutoka gatini kuna kanisa dogo jeupe la mwaka 1885, jengo pekee la mji lililobaki limesimama baada ya moto wa 1944, na familia za kwanza zilizorudi zililala ndani yake wakati zikijenga upya. Kila mwaka katika mwezi wa Septemba mji huu pia hufanya tamasha la filamu, na kwa siku hizo watu wa vijiji vya jirani hufika kwa gari na kwa meli, kumbi zikajaa, na mgeni anayeketi peke yake hapati muda mrefu wa upweke. Mwenye kupenda maisha ya watu kuliko majabali na achague tarehe hizo.

Sasa Vardø, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mji huu wa watu wapatao 2,000 uko kwenye kisiwa, ni wa mashariki kabisa Norwe, na tangu mwaka 1982 umeunganishwa na bara kwa barabara ya chini ya bahari, ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Meli inayokwenda kaskazini hufika baada ya saa tisa usiku, saa ambayo hata paka wa bandarini wamelala, lakini ile inayorudi kusini hufika karibu saa kumi alasiri na kukaa takriban saa moja. Saa hiyo moja hutosha kwenda mbio hadi ngome ya Vardøhus na kurudi, na mtalii hupanda tena akiamini ameuona mji. Ngome yenyewe, yenye umbo la nyota, ilijengwa kati ya mwaka 1734 na 1738, na kwa mji huu si jengo la makumbusho tu. Majira ya baridi yanapofika, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halionekani tena hadi wiki ya tatu ya Januari; siku ambayo duara lake lote linaonekana juu ya upeo kutoka ngomeni, mzinga hupigwa na watoto wa shule hupewa siku ya mapumziko. Hakuna tarehe iliyokatwa kwa uhakika, kwa kuwa wingu likiziba, sherehe inasubiri, na hiyo subira ndiyo inayokuwa mazungumzo ya dukani, ya kazini na ya foleni ya posta. Mzinga ukilia, watu hutoka nje na kugeuza nyuso upande wa kusini. Katika miji mingi ya kaskazini, Tromsø ikiwemo, siku za kurudi kwa jua huliwa maandazi ya mviringo yenye jamu ndani, na waokaji huyauza kwa mamia tangu asubuhi. Sisi tunaotoka mahali ambapo jua hutafutiwa kivuli tunaweza kudhani ni mchezo wa watoto. Kaa huko Desemba nzima kwanza, kisha utoe maoni.

Kwenye ufuko wa upande wa pili wa mji kuna Steilneset, ukumbusho wa watu 91 waliouawa Finnmark katika karne ya 17 kwa tuhuma za uchawi, wanawake 77 na wanaume 14, wengi wao wakihukumiwa hapahapa Vardø. Ukumbusho ulizinduliwa mwaka 2011 na ni kazi ya msanifu majengo Peter Zumthor na msanii Louise Bourgeois. Ni ukumbi mrefu mwembamba wa turubai uliotundikwa kwenye fremu ya mbao, wenye urefu wa mita 125, na ndani yake kuna madirisha madogo 91, kila moja likiwa na taa moja na maandishi yanayoeleza kesi ya mtu mmoja: jina, alichoshtakiwa, aliyemtaja, alivyouawa. Msomaji wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, anayekumbuka vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, atazisoma kesi hizo taratibu kuliko wengine: boti imezama kwa dhoruba, jirani mmoja ametaja jina, aliyetajwa amelazimishwa kutaja wengine. Hakuna kiingilio, na mlango huwa wazi. Kwa saa moja ya meli huwezi kuusoma ukumbi huo hata robo yake.

Mji huohuo una upande wa mzaha. Tangu miaka ya 1990 Vardø imekuwa ikiandaa mashindano ya kurushiana mipira ya theluji kwa kanuni rasmi zilizotoka Japani: timu ya watu saba, kofia ngumu kichwani, mipira 90 iliyofinyangwa mapema kwa kila kipindi cha dakika tatu, na bendera ya kuteka katika uwanja wa mpinzani. Timu ni za walimu, wavuvi, wafanyakazi wa halmashauri na yeyote mwingine mwenye mkono, na mshangiliaji asiyejua kanuni hufundishwa na mtu wa pembeni yake hata asipoomba.

Shughuli nyingine za jimbo hili si za mji mmoja, nami sitazitaja zote. Tarehe 6 Februari ni siku ya taifa la Wasami, wenyeji wa asili wa eneo hili, ambayo huadhimishwa kukumbuka mkutano wao wa mwaka 1917 mjini Trondheim. Siku hiyo utaona vazi la kofte lenye rangi za bluu na nyekundu hata katika ofisi za bandari, kwa kuwa Wasami wa pwani ni wavuvi na si wote wanaofuga kulungu wa nchi za baridi (reindeer). Tarehe 17 Mei ni siku ya katiba ya 1814, na maandamano yake ni ya watoto, si ya majeshi, mara nyingine wakipita na bendera kati ya kuta za theluji ambazo bado hazijayeyuka. Baada ya maandamano watu huingia katika ukumbi wa kijiji, na hapo ndipo mgeni anapaswa kuwa: akina mama na akina baba wa vyama vya kujitolea wanauza kahawa na mikate laini ya kuchomwa kwenye chuma chenye miraba, huliwa kwa jamu na malai chachu, na kuna bahati nasibu ambayo zawadi zake ni soksi za sufu zilizofumwa na mtu aliyeketi meza ya pili. Ukumbi wenyewe mara nyingi ulijengwa kwa msaragambo, na fedha za bahati nasibu zinakwenda kwenye paa lake au kwenye nauli ya bendi ya shule. Usishangae pia ukisalimiwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kivu, kwa maana Norwe imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo kupitia Umoja wa Mataifa, na baadhi yao walipangiwa makazi katika halmashauri ndogo za kaskazini.

Mwisho wa njia ni Kirkenes, ambako meli hufika kama saa tatu asubuhi na kuondoka saa sita na nusu mchana. Mabango ya mitaa yameandikwa kwa Kinorwe na Kirusi, na kila Februari kuna tamasha la sanaa la Barents Spektakel linalozungumzia mpaka huo kwa muziki, maonyesho na midahalo. Mwenye gari au jamaa mwenye gari aende hadi Bugøynes, kijiji kisichofikiwa na meli hii, ambacho nyumba zake zilinusurika moto wa 1944. Samaki walipopungua na kiwanda kufungwa, wakazi waliweka tangazo gazetini mwaka 1989 wakiomba wilaya yoyote ya kusini iwapokee wote kwa pamoja. Hawakuhama. Kilichosaidia kukibakiza kijiji ni kaa wakubwa wenye miguu mirefu waliopandikizwa na Wasovieti upande wa Murmansk katika miaka ya 1960 na ambao walitambaa polepole kuelekea magharibi. Wavuvi waliowachukia kwa kuchana nyavu sasa wanawauza kwa bei ambayo ningeona aibu kuitaja. Kaa huyo akichemshwa kwa maji ya bahari, akaliwa kwa mkate, siagi na limau tu, hana haja ya nazi, ingawa mkono wangu uliitafuta.

Kasoro zipo. Ratiba imepangwa kwa mzunguko mzima wa pwani, kwa hiyo baadhi ya miji hupata meli usiku wa manane katika mwelekeo mmoja. Wakati wa dhoruba nahodha anaweza kuruka bandari kama Berlevåg au Mehamn, na aliyekuwa akienda harusini atashushwa bandari ya mbele. Nyumba za kulala wageni ni chache na baadhi hazina mtu wa mapokezi. Katika mji mmoja, ambao sitautaja, nilisubiri nje ya mlango uliofungwa, simu haipokelewi, theluji ikinijaa mabegani, mpaka jirani aliponikaribisha jikoni kwake na kumpigia mwenye nyumba akiwa baharini. Matangazo ndani ya meli nayo huwajali zaidi watalii: utaambiwa habari za tai wa baharini kwa lugha tatu, lakini saa ya gati lako itasomwa mara moja.

Kwa anayetaka kuijaribu, ningeshauri anunue tiketi ya Kirkenes hadi Vardø kwa meli ya mchana inayorudi kusini, alale usiku mmoja au zaidi, kisha apande ya siku inayofuata hadi Honningsvåg au Hammerfest, ambazo hufikiwa alfajiri na asubuhi. Agiza chumba cha Vardø kabla ya kununua tiketi, si baada yake, hasa katika siku za mashindano ya theluji. Uliza kwenye maktaba ya mji au kwenye ubao wa matangazo wa duka la vyakula kuhusu kinachofanyika wiki hiyo, kwa kuwa mambo mengi hayafiki kwingine. Viatu viwe na miiba ya kubandika chini, inayouzwa katika kila duka la vifaa, maana njia ya kutoka gatini huwa barafu tupu. Na saa ya kuondoka ikifika, meli huondoka; sijawahi kuiona ikimsubiri mtu.